Kiganja cha Kijani

Hapo zamani za juzijuzi, masika yakikaribia, Apronia alikuwa na mtoto wa kike asiye na jina. Wa kwanza, aliyeitwa Skolastika kwa jina la bibi yake, malaria ilimchukua. Kwa huyu wa pili Apronia aliweka nadhiri: atakayewezesha nyumba za bonde lao kupuliziwa dawa kabla ya mvua, mtoto atakuwa wajina wake.

Dawa ilikuwa chache. Ilipelekwa kule tu ambako mbu huishi muda mrefu, maana mbu akinywa damu ya mgonjwa haambukizi papo hapo. Sharti aishi hadi vimelea vikomae ndani yake. Basi akaja mtafiti, Leokadia. Akakamata mbu, akawapaka unga wa rangi, akawaachia. Kwanza wa kijani, kisha wa buluu, mwisho wekundu, kila rangi wiki yake. Akatega mitego aone nani watarudi, akisie wangapi wameishi.

Wekundu wakarudi. Wa buluu wakarudi. Wa kijani, waliotangulia, hakurudi hata mmoja.

“Mbu wenu wanakufa mapema,” Leokadia alimwambia Apronia. “Kesho tunaondoka. Dawa itakwenda kwingine.”

Apronia akamfunika mtoto vizuri.

Asubuhi ufunguo wa gari haukuonekana. Dereva akapekua mifuko, akapekua viti, akatukana. Veridiana, jirani aliyekuwa akiwapikia, akaendelea kukoroga uji.

Ndani kwa Apronia, mbu akatua shavuni mwa mtoto. Bibi Skolastika akampiga, pa! Mtoto akalia. Bibi akatazama kiganja: damu, na vumbi la kijani.

Hakunawa. Hakugusa uji. Hakumpa mtu mkono. Alitembea hadi kwenye gari, kiganja wazi mbele yake.

“Bibi! Si niliomba mbu wa rangi msiwaue?”

“Mwanangu, alikuwa shavuni mwa mjukuu wangu. Ulitaka nimpe kigoda?”

Leokadia akakimulika kiganja kwa taa yake ya kutambulia rangi. Kijani kikawaka. Akashusha mizigo, akatega upya, na wa kijani wengine wakapatikana. Veridiana akatoa ufunguo kwenye debe la unga. Dawa ikaja kabla ya mvua.

Ndipo wakakusanyika kwa Apronia.

“Bila rangi yangu,” alisema Leokadia, “yule angekuwa mbu kama mbu wengine.”

“Bila mimi,” alisema Veridiana, “Bibi angelionyesha vumbi la gari kiganja chake. Na matusi ya dereva nimeyala mimi.”

Bibi alikitazama kiganja chake.

“Mimi sikufikiria dawa. Nilimfikiria mtoto tu. Ila jina langu liko chini ya udongo, Apronia. Natamani kulisikia tena likiitwa hapa uani.”

Apronia akamtazama mtoto mapajani. Shavu lilikuwa limepona.

Haya, mnaosikiliza: mtoto ni mmoja, na jina ni moja. Je, angekuwa mapajani mwako, ungemwita nani?