Picha Tatu za Kitabu cha Bi Nakijwa

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, watu walipokuwa wameshazoea kulipa kiingilio watazame picha, aliishi mjini Same, Upareni, mwanamke aitwaye Bi Nakijwa. Shule hakwenda. Kusoma alijifunza kwenye magazeti ya kufungia maandazi, na kuandika alijifunza kwa hasira, maana kila alichosoma alikiona kimepindishwa. "Mimi sizunguki," alikuwa akisema. "Nikikuchukia utajua kabla hujaketi."

Bi Nakijwa akaandika kitabu. Kilihusu mwanamke aliyepanda chombo kwenda nyota ya mbali kutafuta maji, kwa kuwa duniani mvua zilikuwa zimekwisha. Alimwachia mwanawe mdogo kikombe cha bati, akamwambia, "Nitakuja kukijaza." Lakini huko nyotani siku haziendi kama za huku. Yeye alikaa kidogo tu. Aliporudi akamkuta mwanawe kikongwe, mvi kichwa kizima. Mwana akamtazama mama yake, akamuuliza, "Wewe ni mjukuu wa nani?" Kitabu kikaishia hapo.

Watu walikipenda. Aliyekataa hata kukigusa ni Namsifu, binti yake wa kumzaa, aliyeolewa Mwanza. Alipokuwa mdogo mama yake alimwacha kwa shangazi na kikombe cha bati, yeye akaenda Mombasa kupika kwenye nyumba za watu, na siku aliporudi mtoto alimwita mgeni. Tangu aolewe, Namsifu hakukanyaga Same tena. Ndiyo hivyo: mama asiyezunguka, kwa jambo hili alizunguka mpaka nyotani.

Wakaja watengeneza picha za sinema, kila mmoja akakigeuza kitabu kwa namna yake.

Wa kwanza alikuwa Mruma, mtu wa miwani na adabu. Hakuacha neno hata moja la kitabu. Picha ikawa ndefu hivi kwamba watazamaji walitoka wakala, wakarudi, wakakuta chombo bado kinapaa. Bi Nakijwa akamwambia, "Mwanangu, umekipiga pasi kitabu changu mpaka kimekufa."

Wa pili alikuwa Shekilindi, mwenye kucheka hata msibani. Akatia nyimbo. Akatia jambazi wa nyotani mwenye meno ya dhahabu. Mwishoni mama na mwana wakakumbatiana, mvua ikanyesha, ngoma ikalia. Picha ikajaza kumbi za kila mji. Bi Nakijwa alivua ndala akairusha, ikampata jambazi usoni pale ukutani.

"Nani kakwambia walikumbatiana?"

"Bi Mkubwa, watu wametoka makwao. Niwarudishe na majonzi?"

Wa tatu alikuwa Nchagwa, msichana wa maneno machache. Huyu aliondoa chombo, akaondoa na nyota. Alibakisha kikombe na mtoto anayengoja kibarazani. Mama haonekani hata mara moja. Bi Nakijwa alipohadithiwa, hakutaka kuitazama.

"Nyota yangu iko wapi?"

"Mama, mimi nilimwona mtoto tu."

"Basi toka na mtoto wako."

Kwa hasira zake akawatumia wote watatu neno: "Nimeandika kitabu cha pili. Nitampa mmoja wenu, yule aliyekitendea haki cha kwanza. Na sigawi. Kitabu si mkate."

Sasa, huko Mwanza, majirani wakamvuta Namsifu kwenda kutazama picha ya Shekilindi, ile iliyokuwa midomoni mwa kila mtu. Akaliona jina la mama yake. Akakiona kikombe cha bati, kama kile chake. Akaliona kumbatio. Akasimama katikati ya ukumbi. "Amejisamehe mwenyewe," alisema, "na mvua akajinyeshea." Asubuhi akapanda basi kwenda Same kugombana.

"Shikamoo," alisema mlangoni, maana hasira ni hasira na mama ni mama. "Nimekuja kuuliza. Nani alikukumbatia?"

Bi Nakijwa akampokea mzigo. Akasema, "Katazame ile ya Mruma. Yale ndiyo maneno yangu."

Namsifu akaenda, akatazama yote, wengine wakikoroma. Akamsikia mama wa kitabuni akisema, "Kila nilipoteka maji huko, niliyapima kwa ukubwa wa kikombe chako." Akasikia, "Wewe ni mjukuu wa nani?" Hapakuwa na kumbatio. Akaitazama na ya Nchagwa, kisha akarudi nyumbani.

"Kumbe hukujisamehe."

"Sikujisamehe."

"Nimekusikia, mama. Ila wewe hujanisikia mimi." Akamshika mkono, akampeleka kwenye picha ya Nchagwa, ile ambayo mama aliikataa.

Bi Nakijwa akamtazama mtoto wa Nchagwa. Gari likipiga honi barabarani, mtoto anakifuta kikombe, anasimama. Gari linapita, mtoto anakaa. Honi, anakifuta, anasimama. Linapita, anakaa. Safari hii Bi Nakijwa hakurusha ndala. Alizivua zote mbili akazipakata.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo."

"Nisamehe, Namsifu."

Namsifu akasimama. "Twende nyumbani," akasema. "Nina njaa."

Habari zikaenea, na wale watatu wakajaa sebuleni.

Shekilindi akasema, "Bila uongo wangu angekuwa Mwanza mpaka leo. Mimi nilimleta."

Mruma akasema, "Ulimleta agombane. Aliyemfikishia maneno ya mama yake ni mimi, na hapo nyote mlisinzia."

Nchagwa akasema, "Binti alikuwa ameshasikia. Aliyebaki kiziwi ni mama."

Bi Nakijwa, kitabu cha pili mkononi, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaanza kuizunguka meza. Kutoka jikoni Namsifu akaita, "Mama, si husema huzunguki? Toa jibu, chai inapoa."

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, chai yenu pia inapoa. Mmoja alikilinda kitabu, mmoja alikidanganya, mmoja alikivua nguo. Je, nani alikitendea haki?