Nani Ambebe Mtoto wa Mama Lusekelo?

Leo siombi makofi, naomba hukumu. Na wewe unayejiandaa kusema "wote wamestahili", subiri kwanza. Jibu hilo nimeshalisikia, na halimbebi mtoto.

Huko milimani Rungwe, katika usharika mmoja wa Wamoraviani, kulikuwa na wanawake watatu. Atuganile alijua kulia. Si kilio cha kutafuta macho ya watu. Alilia kama mtu anayekamua blanketi, mpaka tone la mwisho. Bibi Tupokigwe alijua kunyamaza na kufanya kazi. Sekela wa kwaya alijua kuchekesha. Aliweza kumwigiza mzee wa kanisa anavyosinzia kwenye mahubiri mpaka mzee mwenyewe akashika mbavu.

Na kulikuwa na Subilaga, sauti ya kwanza ya kwaya. Kijiji kizima kilimwita Mama Lusekelo, kwa jina la mwanawe wa pekee. Mtoto huyo alikuwa na miaka minne. Krismasi alicheza kwenye igizo la kanisani. Januari homa ikamchukua.

Watu walikuja msibani, na hapa mniruhusu nikasirike kidogo. Walimwambia, "Usilie, mama, kulia ni kukosa imani." Walimwambia, "Jikaze, wewe mwanakwaya." Wengine wakasema, "Mungu amempenda zaidi." Zaidi ya nani? Ya mama aliyemkesha na kitambaa cha maji? Yesu alilia penye kaburi la rafiki yake, akijua kabisa kwamba atamfufua, na hakuna aliyethubutu kumwambia ajikaze!

Subilaga akatii, akajikaza. Chakula kikagoma kushuka kooni. Kwaya akaacha. Halafu watu, kwa huruma zao, wakaacha pia kumwita Mama Lusekelo. Akawa "dada", akawa "mwenzetu". Walidhani wanamfunika kidonda, kumbe wanamnyang'anya kile kidogo alichobakiwa nacho.

Atuganile, jirani yake, alikuja wengine walipokwisha kukunja mikeka. Akaketi sakafuni. Akaviona viatu vidogo vya mvua kando ya mlango, akaanza kulia.

"Nyamaza, jirani," Subilaga akasema. "Mchungaji amesema tusilie."

"Mchungaji hakumnyonyesha. Mimi nalia. Wewe ukitaka, nisindikize."

Akamsindikiza. Wakalia mpaka ng'ombe zizini akaitikia. Walipochoka, Subilaga akauliza kama kuna uji. Akanywa, akalala. Bila kilio kile, leo tungekuwa tunasimulia makaburi mawili.

Bibi Tupokigwe ndiye mama mkwe wa Subilaga, na kijiji kilikuwa kimetega masikio kusubiri yale maneno ya lawama ambayo mama wakwe wengine husema mjukuu akifa. Hakusema hata moja. Msimu wa kupanda ulipofika alikuja asubuhi na majembe mawili, moja akamwekea mkwewe mkononi.

"Maharage," akasema. Basi.

Subilaga alilima akilia, mara akasimama katikati ya tuta kama aliyepotea njia. Bibi akamaliza la kwake, akaja kumalizia la mwenzake. Siku ambazo mama yule hakutoka kitandani, bibi alikamua ng'ombe, akapika ndizi, akaziacha mezani, akaondoka. Mwanawe Ambakisye, mume wa Subilaga, akamlalamikia, "Mama, mbona humfariji mke wangu?"

"Na hapa nafanya nini, nacheza?"

Maharage yakaota. Subilaga akaanza kutoka mwenyewe asubuhi kuyatazama. Kitu kilikuwa kinamngoja nje, basi akawa na sababu ya kuamka.

Sasa Sekela. Kwa Wamoraviani, Pasaka huanzia makaburini. Jumamosi familia hufyeka nyasi na kupaka makaburi chokaa. Kesho yake alfajiri tarumbeta hupita kijijini kuamsha watu, na wote hukusanyika kulekule, kwenye wafu wao, kulisubiri jua. Jumamosi hiyo Subilaga alikuwa amepiga magoti kwenye kakaburi kafupi kuliko yote, brashi mkononi, haisogei. Watu wakimpita kwa kunyata.

Ndipo Sekela akapaza sauti kutoka upande wa pili, "Mama Lusekelo! Hebu niletee chokaa!"

Makaburi yote yakanyamaza, walio juu na walio chini.

Subilaga akainua uso. "Umeniitaje?"

"Nimekuita kwa jina lako. Au umeacha kuwa mama yake?" Sekela akaja akapiga magoti kando yake. "Mwenzio kila nikishika brashi hii namkumbuka kwenye igizo la Krismasi. Tumemvisha sufi, tumemfundisha wiki nzima kulia kama kondoo. Malaika ametokea, wachungaji wamelala, kanisa kimya. Mwanao kasimama katikati..."

"...akalia mooo," Subilaga akamalizia.

"Mooo! Yusufu karuka! Namuuliza, wewe kondoo gani? Ananiambia, 'Shangazi, kwetu tuna ng'ombe.'"

Subilaga akacheka. Alicheka mpaka akaiegemea saruji ya kaburi la mwanawe, chokaa mbichi ikamjaa shavuni. Mzee mmoja wa kanisa akashika kichwa: "Wanacheka makaburini, na Pasaka haijafika!"

Kesho yake alfajiri tarumbeta zililia, ukungu ukapanda, jua likachungulia. Kwaya ilipofika kwenye ule ubeti wa mwimbaji mmoja, ambao tangu Januari hakuna aliyeugusa, Subilaga akafungua kinywa. Aliimba kuhusu kaburi tupu huku miguu yake ikigusa kaburi ambalo si tupu. Sauti ilikatika, ikarudi. Hata yule mzee aliyeshika kichwa alifuta macho.

Lakini wiki ile ile baraza la wazee likamsimamisha Sekela kwaya mpaka Pentekoste, kwa kosa la kuchekesha penye wafu. Wimbo waliupokea. Aliyeufungulia mlango wakamwadhibu. Haya.

Mwaka uliofuata Subilaga alijifungua mtoto wa kike. Katika usharika ule, siku ya ubatizo mwanamke mmoja humbeba mtoto mpaka kwenye maji, na tangu siku hiyo huitwa mama yake wa pili, maisha yake yote. Ijumaa kabla ya ubatizo wote watatu wakakutana jikoni kwa Subilaga, kila mmoja akijifanya amekuja kuazima chumvi.

"Jamani, hii nyumba ina chumvi kiasi gani?" Sekela akauliza. Wakacheka.

Atuganile akaanza. "Mimi mimba imeniharibika mara mbili. Mara zote niliambiwa nisilie, maana hakikuwa kitu. Sijawahi kutembea kanisani na mtoto mikononi. Kwako niliwalilia na wangu, Mama Lusekelo. Sikukwambia."

Sekela akatazama chini. "Mimi bado nanyooshewa vidole, yule wa kucheka makaburini. Nikimbeba huyu mbele ya wazee wale wale, watakuwa wamejibiwa."

Bibi Tupokigwe akanyoosha mikono juu ya moto. Ilitetemeka. "Mwakani," akasema, "haitaweza kubeba." Na kwa bibi yule hiyo ilikuwa hotuba.

Subilaga akawatazama. Mmoja alimrudishia machozi, mmoja akamrudishia asubuhi, mmoja akamrudishia jina. Pasingekuwa na mmoja, pasingekuwa na wimbo. Na alijua akimchagua mmoja, wawili watatabasamu, watampongeza, kisha wataumia peke yao nyumbani.

Msiniambie wambebe kwa zamu. Penye maji panasimama mtu mmoja. Msiniambie ambebe Subilaga mwenyewe. Hapo wataumia watatu badala ya wawili. Na anayesema machozi yalitangulia hivyo yashinde, anieleze ni lini Mungu, aliyeweka wakati wa kulia, wa kupanda na wa kucheka, alisema upi ni mkubwa kuliko mwingine.

Jumapili imefika. Maji yamepashwa moto kidogo, maana Rungwe ni baridi. Mtoto yuko mikononi mwa mama yake, amevaa nyeupe, anapiga miayo. Mbele yake kuna mikono mitatu imenyooshwa: wa Atuganile, wa Sekela, na ule unaotetemeka. Mchungaji ameuliza, "Nani anambeba?" na kanisa zima limegeuka.

Wewe ndiye Mama Lusekelo. Unampa nani?