Bi Kwale na Mayai ya Hina

Paukwa!
Pakawa!
Mbona sauti ndogo, hamjala? Paukwa!
Pakawa!
Haya, sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale ndege wa nyikani walikuwa na mila yao. Masika yakianza, hutaga. Wakataga, wakaatamia. Vifaranga wakishatoka, mama huchukua maganda, akayapaka hina na manjano, akayachora kwa masizi, akayatundika mlangoni. Kila apitaye akajua: hapa pana watoto.

Palikuwa na Bi Kwale. Mwaka uliotangulia mafuriko yalisomba mayai yake yote. Mlango ukabaki mtupu, na jirani yake Bi Kanga, domokaya yule, akatangaza nyika nzima. Bi Kwale aliumia. Aliumia sana.

Masika yakarudi. Bi Kwale akataga mayai ya rangi ya udongo, katikati ya majani makavu. Hata yeye mwenyewe akienda kunywa maji, alirudi akiyatafuta.

"Mbona yamefifia hivi?" akasema. Akaponda hina, twa! twa! twa!

Bi Kanga akachungulia. "Wee Bi Kwale! Sisi twapamba maganda, hatupambi mayai!"

"Wivu huo, shoga."

"Ngoja watoke kwanza."

"Mwaka jana nilingoja, nikapata nini? Safari hii mlango wangu utakuwa wa kwanza."

Akapaka hina. Akapaka manjano. Akachora madoa, akachora mawimbi. Mayai yakang'aa, yakaonekana mpaka ng'ambo ya bonde.

Na ng'ambo ya bonde alikaa nani? Nguchiro! Akaja, nyata, nyata, nyata. Kwa adabu zote.

"Hodi, mama. Nimeona uzuri huu toka mbali, nikasema si vyema nisije kutoa hongera."

Bi Kwale akafurahi mno. "Karibu, baba! Wewe ndiye wa kwanza kuyasifu."

"Fundi wewe! Ila hili la pembeni lataka hina kidogo."

"Imeniishia. Nishikie zamu nikachume."

"Nenda, mama. Nitayatunza kama yangu."

Bi Kwale akaenda mbio, puru! puru! Aliporudi, Nguchiro hayupo. Mayai yamepasuliwa, yamerambwa, meupe ndani. Tena kwa ustadi, michoro haikuguswa. Bi Kwale akalia mpaka sauti ikamkauka.

Kisha akayatundika. Hakuwa na kingine cha kutundika. Mlango wake ukawa wa kwanza.

Ndege wakaja, wakabaki midomo wazi. Hata Bi Kanga akakiri, "Mwaka huu Bi Kwale ametushinda wote." Wakapiga vigelegele.

Kifaranga wa Bi Kanga, aliyetoka kwenye yai asubuhi ile ile, akavuta bawa la mamake. "Mama, hapa tucheze na nani?"

Vigelegele vikakatika.

Wahenga walisema, usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa. Bi Kwale alikuwa amelisikia neno hilo, ila yeye hashoni kanzu. Basi nanyi sikieni: anayetaka sifa kabla kazi haijaisha, sifa atapata, kazi ataikosa.

Hadithi yangu nimeiachia hapo, mlangoni kwa Bi Kwale. Mkipita, msimsifie.