Jina la Mlango

Sogeeni karibu, mliokula na mnaongoja kula. Nina kesi mkononi, imenishinda kuiamua, na nyinyi nawajua: kesi za watu hazijawahi kuwashinda. Inatoka chumvini, lakini chumvi sitaitia. Iliyomo inatosha.

Palikuwa na mji uitwao Tingwi, na nyuma ya mji kulikuwa na uwanda mweupe wa chumvi. Mjini waliishi Watingwi, wenye maduka na mashamba. Chumvini waliishi Wadengeli, ambao babu zao walitoka ng'ambo ya ziwa kuja kuvuna chumvi, na ingawa wajukuu walizaliwa papo hapo, bado waliitwa wa kuja. Sokoni walisalimiana vizuri tu. Lakini lilikuwepo jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema: wanawake wa Kidengeli walipoteza watoto wengi zaidi wakati wa kujifungua kuliko wenzao wa mjini. Watingwi walikuwa na jibu lao. "Damu yao nyepesi," walisema, "ndivyo walivyoumbwa." Kisha wakaendelea na chai.

Katika kesi hii wamo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa lake. Nesi Zuhena alijaliwa masikio. Bi Kidawa alijaliwa mdomo. Lugeye alijaliwa mabega, na kununa pia, kwa sababu Mungu akikunjua mkono huwa hachagui. Mwenye kesi yenyewe ni Mwadeni, mwanamke wa Kidengeli mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia, aliyeishi chumvini na mama mkwe wake, Bi Selemba.

Mimba yake ya kwanza Mwadeni aliilea nyumbani. Si kwamba zahanati hakuijua. Gari la matangazo lilifika hadi chumvini, kipaza sauti kikipayuka: "Akina mama wajawazito wote, njooni mpimwe! Kupimwa ni bure!" Sasa sikilizeni vizuri. Kwa Wadengeli anayepimwa ni mmoja tu, maiti. Mtu akifa, mkubwa wa ukoo huja na kamba, huinyoosha kutoka utosini hadi kisiginoni, kisha huenda nayo kuchimba kaburi. Mdengeli hasemi fulani amekufa, husema fulani amepimwa. Gari likapita, milango ikafungwa.

"Tufe," alisema Bi Selemba akibana komeo, "tena bure!"

Basi hakuna aliyejua kwamba mtoto amekingama tumboni. Uchungu ulipomshika Mwadeni, barabara ya kuzunguka uwanda ilimlia nusu ya siku. Alipofika zahanati, akakaa kwenye benchi la nje. Benchi lile halikuandikwa neno, lakini Wadengeli walilijua ni lao: miguu yao ina matope ya chumvi, sakafu itachafuka, basi wangoje mpaka watu wa mjini waishe. Watu wa mjini walipoisha, na pumzi ya mtoto ilikuwa imekwisha. Mwadeni alirudi chumvini na kanga iliyokunjwa mikononi, na kicheko chake hakikusikika tena kwa muda mrefu.

Baadaye akaletwa Zuhena, nesi mgeni, si Mtingwi wala Mdengeli. Alipoona wanawake wa chumvini hawaji, wenzake walimwambia asijisumbue, watu wale ni wabishi. Akatia utepe mkobani, akaenda mwenyewe. Alimkuta Mwadeni ana mimba ya pili, imeshachomoza.

"Lala hapa, dada, nikupime," akasema, akaunyoosha utepe.

Mwadeni alikurupuka hadi uji ukamwagika. Bi Selemba akashika mwiko.

"Jamani, nimekosa nini?"

"Unampima mtu anayepumua!" alifoka Bi Selemba. "Huko kwenu hamna haya?"

Mwingine angenyanyua mkoba wake na kuondoka. Zuhena alikaa chini, akauliza, akasikiliza mpaka mwisho. Aliposikia habari ya kamba, aliukunja utepe wake upesi upesi na kuuficha chini ya mkoba, uso umemshuka kwa aibu.

"Nyinyi mkimkaribia mjamzito, mnafanyaje?"

"Tunaweka mkono," alisema Mwadeni. "Tunamsalimia mtoto."

"Basi na mimi nimekuja kusalimia."

Akaweka mikono, akapanga vidole juu ya tumbo kimoja baada ya kingine, na vipimo vyake vyote akavipata, ila neno lenyewe hakulitamka. "Huyu amenipa mgongo," akasema. "Amekingama, dada. Huenda akageuka, huenda asigeuke. Uchungu ukianza, usingoje hata maji yachemke. Njoo."

Kuanzia hapo Zuhena akalibadilishia gari la matangazo maneno: "Njooni tuwasalimie watoto!" Mkubwa wa zahanati aliwaka. "Serikali inakulipa usalimie watu? Kitabu kinasema utepe!" Akamnyima likizo aliyokuwa ameingoja mwaka mzima aende akamwone mama yake. Zuhena alilia siku moja, ya pili akaendelea kusalimia. Wanawake wa chumvini wakaanza kuja makundi makundi, wakichekana njiani.

Lakini walipofika, walikalishwa wapi? Benchi la nje.

Hapo ndipo alipoingia Bi Kidawa, Mtingwi wa kuzaliwa, muuza uji kwenye lango la zahanati. Kila aliyekuja kutibiwa alikunywa uji wake, maana ulikuwa na tangawizi ya kuamsha wafu. Siku ile Mwadeni alipotoka na kanga mikononi, Bi Kidawa alikuwa pale pale na upawa wake. Hakusema kitu, na kwa mtu wa mdomo wake, kutosema kulimkaa kooni. Sasa alipomwona tena, tumbo mbele, kwenye benchi lile lile, kilichomkaa kooni kikatoka.

"Sikieni!" alipiga upawa kwenye sufuria. "Kuanzia leo uji wangu unamfuata aliyetangulia kufika. Aliyempita mwenzake kwenye foleni, kwangu hapati hata ukoko!"

Watu walidhani anatania. Akaja wifi yake, ndugu wa mume wake, akawapita Wadengeli, akatibiwa, kisha akanyoosha kikombe.

"Wifi, umelala vizuri?" alisema Bi Kidawa kwa upole. "Kikombe chako kizuri. Kanywee maji."

Mji ukamsusia. Wateja wakahamia kwa muuza maandazi, wifi akamnunia, na uji wenye tangawizi ukawa unamwagwa kila siku kabla ya adhuhuri. Bi Kidawa hakubanduka. Kila mgonjwa aliyeingia alisikia habari zake, kuanzia ukoo mpaka kandambili: "Huyo anapita, jamani, mpisheni, miguu yake inanukia waridi!" Mwishowe watu waliona bora foleni kuliko mdomo ule. Mkubwa wa zahanati, kichwa kinamgonga, aliamuru benchi la nje liingizwe ndani, na aliyetangulia kufika akawa wa kwanza kuonwa. Aliyekuja na uchungu akawa mbele ya wote, awe wa mjini au wa chumvini.

Ikabaki njia.

Njia fupi ya kutoka chumvini ilikuwepo, lakini ilipita katikati ya majaruba ya Lugeye, vile vidimbwi vya kukaushia chumvi. Lugeye, jirani wa Mwadeni, ndiye aliyekuwa na majaruba meupe kuliko yote, na kingo zake alizilinda kuliko macho yake. Mwaka uliopita mbuzi wa Mwadeni alikanyaga mojawapo, na tangu hapo Lugeye hakuitikia salamu ya nyumba ile. Akikutana na Bi Selemba, alitazama mawingu.

Sasa uchungu ulimshika Mwadeni mchana wa mvua, mvua ambayo haikuwa ya msimu. Barabara ya kuzunguka ilikuwa imegeuka mto. Mwadeni alijua mtoto bado amekingama, alimsikia. Alikumbuka kanga iliyokunjwa, na moyo ukamwambia, inakuja tena. Bi Selemba hakuwa na la kufanya. Akatoka mvuani, akaenda kupiga hodi kwa mtu asiyemwitikia.

"Lugeye, mwanangu, mkamwana wangu anatutoka. Tupishe majarubani."

Lugeye alitazama mawingu. Halafu akatazama majaruba. Matope yalikuwa ya kumeza mtu hadi mapajani, wabebaji wasingefika hata katikati. Ghalani mwake yalikuwemo magunia ya chumvi ya msimu mzima, makavu, yakingoja mnunuzi. Alifungua ghala, akabeba gunia, akalibwaga kwenye matope. Akabeba la pili, akalibwaga mbele ya la kwanza. Vijana wa chumvini walipoona, wakaja mbio. Wakalaza magunia mpaka ng'ambo, na Lugeye akamtwaa Mwadeni mgongoni, akapita juu ya chumvi yake ikiyeyuka chini ya nyayo. Huko kote alisema neno moja tu.

"Yule mbuzi wenu," alihema, "hana adabu."

Mwadeni, katikati ya uchungu, akacheka.

Wakafika. Zuhena alikuwa tayari, maana kijana mmoja alitangulia mbio na habari, naye alimjua mtoto na jinsi alivyolala, na gari la hospitali ya wilaya lilishaitwa. Foleni ilikuwa ndefu, Bi Kidawa akainua upawa, na foleni ikapasuka katikati bila neno. Hospitalini wakampasua, mtoto akatolewa. Msichana. Alilia kwa sauti ambayo Bi Selemba anaapa aliisikia akiwa chumvini, na hapo ndipo penye chumvi kidogo, lakini si yangu.

Sasa kesi.

Mtoto wa Kidengeli hana jina mpaka siku anayotolewa nje mara ya kwanza. Siku hiyo mama humnong'oneza sikioni jina la mlango, yaani jina la mtu aliyemfungulia mlango wa kuingia duniani. Jina ni moja. Mawili hayafai, mtoto mwenye majina mawili huitwa huku na huku akapotea. Jina la mwanamume kwa msichana si neno, jina halivai suruali. Na likishanong'onwa halirudishwi.

Mambo yangekuwa mepesi kama yangeishia hapo. Lakini ile zahanati ilikuwa inajengewa wodi mpya ya wazazi, kwa sababu mwaka ule Wadengeli walizika watoto wachache sana, wilaya ikataka kuwapa watu wa Tingwi heshima yao. Kamati ikakaa, ikabishana, ikachoka, ikaamua: jina atakalopewa binti wa Mwadeni ndilo litakaloandikwa juu ya mlango wa wodi. Wakamtupia Mwadeni mzigo, wakaenda zao kula.

Siku ya kumtoa mtoto, uwanja wa chumvini ulijaa. Lugeye alisema yeye hana haja ya mambo hayo, lakini shati alilipiga pasi. Bi Kidawa hakujificha: "Mimi nalitaka! Kidawa, jina zuri, halimchoshi mwandishi!" Zuhena alicheka tu, akiwa amembeba mtoto.

Watu nao walikuwa na yao.

"Ni la nesi," alisema mmoja. "Bila yeye nani angeujua mkao wa mtoto?"

"Nesi analipwa," alidakia mwingine. "Alifanya kazi yake."

"Wangapi wanalipwa na hawaulizi? Na mama yake hajamwona mpaka leo!"

"Ni la Bi Kidawa. Kawageukia watu wake mwenyewe, jambo gumu kuliko yote."

"Aliturudishia kilichokuwa chetu, foleni!" alisema kijana wa chumvini. "Leo nimshukuru mtu kwa zamu yangu? Na juu ya mlango liandikwe tena jina la Kitingwi?"

"Ni la Lugeye, basi. Mdengeli mwenzetu, msimu wake wote umeyeyuka."

"Lugeye alibeba siku moja, tena jirani yake. Wenzake wamebeba mwaka mzima watu wasiowajua!"

Bi Selemba aliwanyamazisha wote kwa mwiko, ule ule. Mwadeni akampokea binti yake. Mtoto alikuwa mzito, mwenye joto, anamtazama kwa jicho moja kama anayemdai. Mwadeni aliwaangalia wale watatu. Mmoja alimsikia alipokuwa anaogopa. Mmoja alimsemea alipokuwa amenyamaza. Mmoja alimbeba alipokuwa hawezi kwenda. Akaona kwamba akimtoa hata mmoja wao, mikononi mwake ingekuwa kanga iliyokunjwa, na machozi yakamtoka palepale, na kicheko nacho, kama kawaida yake. Akainamisha mdomo kwenye sikio la mtoto. Bi Kidawa, kwa mara ya pili tangu azaliwe, alinyamaza. Lugeye alitazama mawingu. Fundi wa rangi alikuwa ngazini kule zahanati, brashi imeshachovywa, akingoja mtu aje mbio na jina.

Mimi nimewaacha hapo hapo, maana ndipo nilipokwama. Mtoto anangoja, na mlango wake ni mtupu. Haya, mliozoea kuamua kesi za watu: mwana mikononi ni wako leo, sikio lake liko mdomoni pako. Unamnong'oneza jina la nani? Na ukishalisema, utawatazama vipi wale wawili waliobaki?