Zubeiri na Kinga Saba

"Kinga saba, mfalme uchi." Methali hii ilianza hivi, na nyie mnaoirusharusha mdomoni bila kujua ilikotoka, tulieni niwaambie. Wewe unayecheka, sogea huku karibu.

Mtaa wetu wa Kilimani na wenzetu wa Bondeni walishindana sataranji kila mwaka siku ya Idi Mosi, watu wakishakula. Walichogombea ni ubao mmoja wa mninga, aliouchonga marehemu Fundi Shekue kwa mkono wake. Desturi ilikuwa kwamba anayekwenda kuudai hucheza kete nyeusi, na mwenye nyeupe ndiye huanza. Tena mtaa ukishinda miaka mitatu mfululizo, ubao ni wao moja kwa moja. Bondeni walishashinda miwili. Mwaka wa tatu kwetu akachaguliwa Zubeiri, mwana wa Fundi Shekue. Maskini, usingizi ulimruka! Ubao ule ndio kitu pekee cha baba yake kilichokuwa kimebaki duniani.

Akawa anajiuliza: mwenye nyeupe akishaanza, mimi nijikinge vipi? Kuuliza si ujinga, lakini huyu aliuliza watu saba.

Mwalimu Kihiyo akamwambia amsogeze askari wa mfalme hatua moja tu, ajifungie ndani. Maalim Dhahabu akasema la, hiyo itazibia kete za nyuma. Aanze na askari wa upande wa malkia. Bi Mwanaidi, aliyewafunga wanaume wengi mpaka wengine wakaacha kumsalimia, akasema huo wote upuuzi, atoe farasi kwanza amchokoze adui. Wengine wanne nao kila mmoja na lake, kila mmoja akiapa kuwa yake ndiyo kinga imara. Zubeiri akawaitikia wote, "Nimesikia, mkubwa wangu." Kichwa kikamzunguka, hajui ashike lipi aache lipi.

Siku ikafika. Mzee Mdoe wa Bondeni akasukuma askari wake hatua mbili. Zubeiri akainua macho. Lahaula! Wote saba wamekaa mstari wa mbele, wanaukodolea macho mkono wake. Amfuate nani? Akimfuata Mwalimu, Maalim atanuna. Akimfuata Maalim, Bi Mwanaidi atamsema mtaa mzima. Kwa kuona haya, akaamua kila mtu apate haki yake: hatua ya kwanza ya Mwalimu, ya pili ya Maalim, ya tatu ya Bi Mwanaidi, hivyo hivyo mpaka wa saba. Aliyefikiwa na zamu alitabasamu, na hatua iliyofuata akakunja uso. Zubeiri hakuelewa. Kila hatua aliipata kwa bingwa, mbona ukuta umejaa mashimo?

Malkia mweupe akapenya katikati, farasi wake akimlinda. Mfalme mweusi hakuwa na pa kwenda.

"Mzee wangu, sielewi," Zubeiri alisema. "Nimecheza kinga saba."

"Nimeziona, mwanangu. Kinga saba, mfalme uchi."

"Sasa ningecheza ipi?"

Mzee Mdoe akamshangaa. "Unaniuliza mimi? Marehemu baba yako alinifunga miaka kumi na mmoja kwenye ubao huuhuu, tukicheza barazani kwake tu, mimi na nyeupe, yeye na kinga ileile moja. Niliijua yote, hatua kwa hatua, na sikupata pa kupita. Kwani wewe hukumtazama akicheza?"

Alimtazama, tena tangu akiwa mtoto wa kukaa pajani. Kinga ile Zubeiri angeweza kuipanga akiwa amefumba macho. Ila katika kuzunguka kote kule, nyumba hadi nyumba, haikumjia hata mara moja kwamba jibu la baba yake nalo ni jibu. Akaangua kilio mbele za watu, mtu mzima na kanzu yake ya Idi, na Mzee Mdoe akaufunga ubao taratibu, akaondoka nao.

Uko Bondeni mpaka leo. Wale saba walikuwa wakweli, kila mmoja kwa kinga yake, hakuna aliyemdanganya. Ndiyo maana wazee wakimwona mtu anakusanya mashauri na hashiki hata moja, humwambia: kinga saba, mfalme uchi.