Jicho la Gari la Mzee Singano

Sogeeni karibu. Mwenye haraka ya jibu aende zake mapema, maana jibu mimi sina. Nilicho nacho ni gari moja na watoto watatu.

Mzee Singano wa Soni alizaa mafundi. Hiza, mkubwa, alikuwa wa injini. Akiisikia inavyokohoa anakwambia inaumwa wapi. Mbelwa alikuwa wa umeme, mtu wa maneno machache na vidole vyepesi. Kitindamimba, Zahia, alikuwa fundi bodi. Watu walimcheka, mwanamke na gesi ya kuchomelea wapi na wapi, mpaka walipoiona kazi yake. Wakanyamaza, wakamletea magari yao.

Bandani kwa mzee lilikaa gari la Kimarekani la mwaka hamsini na nane, la matajiri. Lilikuwa na mapezi mawili nyuma kama ya papa, taa nne mbele, vioo vya kupanda kwa kitufe, na kiti cha dereva kilichojisogeza chenyewe. Juu ya dashibodi lilikuwa na jicho, kidude cha kioo kisichozidi yai. Gari jingine likija mbele, jicho liliuona mwanga wake, likashusha taa bila dereva kugusa kitu. Wenye magari ya aina ile walijivunia jicho kuliko mapezi. Lakini mzee alikuwa amelipaka lami.

"Kwa nini lami, Baba?" Zahia aliwahi kumuuliza.

"Limetazama vya kutosha."

Miaka kumi na minane gari halikutoka bandani. Watoto walipomchosha kwa maombi, mzee akasema, "Haya. Atakayelifufua, ufunguo ni wake." Alisema hivyo kwa kuwa alijua halifufuki. Alijidanganya.

Hiza aliishusha injini, akaziloweka pistoni zilizoganda, akachonga mwenyewe vipuri visivyopatikana. Siku ya arobaini ikanguruma. Bila Hiza, gari lingebaki kiota cha kuku.

Mbelwa alifuata nyaya zilizotafunwa na panya, mmoja baada ya mwingine. Bila yeye injini isingepata hata cheche. Na kwa kuwa hakuzoea kuacha waya unaning'inia, akauunga hata ule wa jicho.

Zahia alikata kutu, akaunga sakafu, akanyoosha mapezi, akapiga rangi nyeusi. Bila yeye, ungekanyaga ndani ukakuta barabara. Na kwa kuwa fundi bodi haachi doa, aliikwangua lami ya jicho kwa wembe, taratibu, mpaka kioo kikang'aa. Siku ile alijisikia fahari sana.

Kisha, Jumatano asubuhi, ikaanza vita ya ufunguo.

"Injini ndiyo gari," Hiza akamwapia mjomba wao, Mzee Kaniki.

"Injini bila umeme ni chuma chakavu, kaka," akasema Mbelwa.

"Na bila bodi mngekaa wapi?" akauliza Zahia. "Juu ya betri?"

Mjomba Kaniki akacheka. "Kalijaribuni kwanza. Ijumaa nitaamua."

Jumatano alasiri wakapanda, mzee kiti cha nyuma. Ukungu ulikuwa umeshuka, Hiza akawasha taa. Kwenye kona ya maporomoko, taa zikashuka zenyewe. Hiza akasogea pembeni kupisha gari. Wakangoja. Halikuja gari, wala mtu, wala mbuzi. Baada ya muda taa zikapanda tena, kana kwamba aliyekuwa anapishwa amekwisha kupita.

Nyuma ikasikika sauti ya mzee. "Nani amelifungua jicho?"

Zahia alitazama kucha zake, bado zina lami.

Jioni ile mzee akasimulia. Alikuwa dereva wa gari lile tangu lilipokuwa la tajiri wa mkonge. Kona ile ile taa zilishuka pasipo mtu, na siku ya tatu wakamzika tajiri. Mfanyabiashara wa Korogwe akalinunua, taa zikashuka, naye hakuiona siku ya nne. Mjane wake akampa yeye dereva gari bure, liondoke machoni pake.

"Linampisha anayekuja kumchukua mwenye ufunguo," akasema mzee. "Na ufunguo bado ninao mimi."

Alhamisi hakuinuka kitandani. Daktari akampima, hakuona ugonjwa. Ijumaa, siku ya tatu, Mjomba Kaniki akaja kuamua kama alivyoahidi.

"Ni ukungu tu," akasema Mbelwa. "Mwanga wetu ulirudi, ukalidanganya jicho."

"Basi chukua ufunguo, mwanangu," akasema Mjomba Kaniki.

Mbelwa akarudi nyuma hatua moja.

"Mimi niligusa injini tu, Mjomba," akasema Hiza. "Injini si gari."

"Nami nyaya tu," akasema Mbelwa.

Zahia alitaka kusema, "Nami rangi tu." Badala yake akakisogelea kitanda. Alimpenda baba yake kuliko alivyompenda mtu yeyote, ila mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Aliogopa, na aliona haya kwa kuogopa.

"Sitoi," mzee akanong'ona, ameukumbatia ufunguo kifuani. "Ahadi naivunja. Niacheni niende nao."

"Ahadi ya mzazi haivunjwi kitandani, shemeji," akasema Mjomba Kaniki, machozi yakimlengalenga. "Tangu gari lilipowaka, ufunguo huo una mwenyewe. Juzi wote watatu waliniapia ni wao. Mmoja alisema kweli."

Nje ukungu ulikuwa umefika mlangoni. Pumzi za mzee zilikuwa zinakuja kwa kuachana sana. Mkono wa Zahia ulikuwa juu ya shuka, shibiri moja tu kutoka kwenye ufunguo.

Mimi naishia hapo. Je, wewe ungeamua vipi? Ufunguo ni wa nani: wa aliyelipatia gari nguvu, wa aliyelipatia jicho umeme, au wa aliyelifungua lione? Jibu upendavyo, kwa sharti moja: utaje jina lile lile ambalo ungelitaja Jumatano asubuhi, kabla taa hazijashuka.