Nukta Nyekundu za Mwinjilisti

Soma polepole, kisha mpelekee mwalimu unayemkumbuka kwa wema.

Profesa Eliamani alifundisha masomo ya dini chuo kikuu kwa miaka thelathini. Ishirini kati ya hiyo aliitumia kuchunguza nakala moja ya maandiko matakatifu, iliyoandikwa kwa mkono na mwinjilisti wa zamani huko milimani. Kurasa zake zilijaa nukta nyekundu, na hakuna aliyejua maana yake.

Profesa alitoa jibu: kila nukta ilionyesha neno ambalo mwandishi alilitilia shaka. Jibu hilo likampa jina. Sasa alikuwa anastaafu, na kitabu chake kuhusu nukta hizo kilikuwa tayari katika kiwanda cha uchapaji.

Siku ya mhadhara wake wa kuaga, ukumbi ulijaa. Alipomaliza, ajuza mmoja mwenye mkongojo akasimama mstari wa nyuma.

"Naitwa Nakiete. Huyo mwinjilisti ni baba yangu. Hakutilia shaka hata neno moja, mwanangu."

Watu wakacheka chini chini.

"Basi nukta ni za nini, mama?" Profesa akauliza.

"Ni zangu. Nilikuwa na pumu, na mimi ndiye niliyesoma ibadani kila Jumapili. Baba aliniwekea mahali pa kuvuta pumzi."

Mhadhiri Mbaga, aliyekaa karibu, akanong'ona, "Mshukuru tu akae, Profesa. Kitabu kiko mtamboni."

Profesa akautazama ukurasa wa ile nakala uliokuwa mbele yake.

"Mama, sura ya kwanza unaikumbuka?"

Nakiete akafumba macho, akaanza kuisoma kwa moyo. Profesa akafuata kwa kidole. Bibi akavuta pumzi, na kidole kikawa juu ya nukta. Akaendelea, akavuta tena. Nukta. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa sura.

Profesa akavua miwani.

"Wanafunzi wangu, futeni mlichoandika leo. Nimekosea miaka ishirini. Mbaga, piga simu kiwandani, wasimamishe mtambo."

Kisha ukumbi mzima ukasimama na kupiga makofi, hata madirisha yakatikisika.

"Wanampigia nani?" Nakiete akauliza.

"Baba yako," Profesa akajibu, huku akicheka na kufuta machozi.

Mwaka uliofuata kitabu kilitoka kikiwa kimeandikwa upya, jina la Nakiete likiwa jaladani kando ya lake. Katika kazi zake zote, hakuna iliyosomwa kama hiyo.

Funzo: Msomi hashuki heshima kwa kusema "nimekosea". Hushuka anapouona ukweli akaunyamazia.